Jamaa wa Karibu

Jumamosi, 5 Septemba 1998

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya somo la uainishaji wa vitabu, lakini mhadhiri wetu hugawa karatasi zake mwenyewe, basi nimelirithi mimi. Nitaandika humu mambo ya Jumamosi, maana siku nyingine zote zinafanana.

Kwa atakayeliokota: naitwa Benedicta, mtu wa Songea, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka tisa kabla sijaja Durban kusomea ukutubi. Jumamosi najitolea katika chumba cha kumbukumbu cha kanisa moja hapa mjini. Si kanisa langu, mimi ni Mkatoliki, ila wana mashine za kusomea filamu, na filamu zenyewe ni picha za makaratasi ya zamani ya Marekani: sensa, orodha za abiria wa meli, kadi za jeshi. Wanaokuja ni Wazungu wanaotafuta babu wa babu zao. Msimamizi ni Madame Julienne, mama wa Kimorisi anayenong'ona hata tukiwa wawili tu.

Leo simu ililia, na mpigaji alikuwa Henriette, msusi kutoka Lubumbashi ninayekaa naye mtaa wa Albert Park. "Benedicta, mayi haiko ku nyumba."

"Maji hayapo nyumbani, Henriette."

"Sawa, mwalimu. Lakini mayi haiko."

Nilipokata simu nikasikia mtu anacheka mlangoni. Ajuza mfupi, mtandio mweupe, mkoba ameukumbatia kifuani. "Mwanangu," alisema kwa Kiswahili, "wewe Swahili yako ya kitabu!" Nilisimama, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akanikunjia uso. "Usiniite bibi. Niite mama." Nikacheka moyoni, nikiwaza kwamba kuna wanawake hawakubali kuzeeka, hata wakiwa na miaka themanini na mitano kama huyu.

Anaitwa Atija. Amekuja kwa taxi mbili kutoka Chatsworth, ila yeye ni mtu wa Bluff, wa wale wanaoitwa Wazanzibari, wajukuu wa watumwa wa Msumbiji waliokombolewa baharini, ambao serikali ya makaburu iliwahamisha kwa nguvu. Kisa chake nakiandika kama alivyonieleza, akiwa ameishika bahasha moja chakavu.

Babake, Pandu bin Salimu, alikuwa kuli bandarini. Mwaka 1914 alipanda meli ya Wamarekani, Atija akiwa bado ananyonya, na hakurudi tena. Miaka miwili baadaye ilikuja barua moja, imeandikiwa imamu wa King's Rest, hukohuko Bluff, muhuri wa mji wa New Bedford. Barua yenyewe ilipotea siku ya kuhamishwa, ikabaki bahasha. Shangazi zake, dada za Pandu, walishikilia kwamba ndoa haikuwapo: kaka yao alimpa mimba Zaituni, mama yake Atija, akaona aibu, akapanda meli. Shahidi wa ndoa alikuwa amekwisha kufa, na kwa sababu hiyo madrasa nzima walimwita Atija wa Zaituni, kwa jina la mama, kama mtoto asiye na baba, na mpaka leo ndivyo anavyoitwa.

"Kila Shaaban, kabla ya Ramadhani, nyumbani kwangu tunasoma hitima," aliniambia. "Tunataja wafu wetu wote. Babangu sijamtaja hata mwaka mmoja. Nitamwombea vipi mtu aliyetukataa? Sasa daktari anasema moyo wangu umechoka. Miye nataka kujua neno moja tu, mwanangu. Kule alikokwenda, alitutaja?"

Nilimwahidi kutafuta. Baadaye nikajiuliza ni nani aliyenituma kuahidi.


Jumamosi, 12 Septemba

Madame Julienne amenielekeza. Mwaka 1918, wakati wa vita, Marekani iliwaandikisha wanaume wote wa umri wa jeshi, hata wageni. Kila mmoja alijaziwa kadi: jina, kazi, anwani, na mstari mmoja wa jina la jamaa wa karibu na mahali alipo. Ule mstari ndio tunaoutaka. Tumeagiza filamu za New Bedford. Zinatoka Marekani, zinachukua majuma sita, pengine zaidi.

Nilimpigia Mama Atija kumweleza. "Majuma sita?" alisema. "Eish. Haya, nimengoja miaka themanini na nne."


Alhamisi, 24 Septemba

Sikukuu. Mvua ya kwanza ya maana. Nimefua, haikukauka.


Jumamosi, 3 Oktoba

Filamu bado. Mama Atija alikuja tu kukaa, kaleta sambusa kwenye kopo la biskuti. Macho yake yana ukungu, haoni herufi, lakini alitaka nimwonyeshe mashine. Aliweka mkono juu ya kioo akauliza kama ni moto.


Jumatano, 7 Oktoba

Henriette hajapata laini ya Lubumbashi tangu Ijumaa. Vita vya kwao anavisikiliza redioni kwa Kifaransa, kisha ananihadithia kwa Kiswahili chake, nami namsahihisha. Leo aliniambia, "Weye Benedicta, mi nakuambia batu banakufa, weye unaniambia ni 'watu wanakufa'." Alikuwa na haki.


Jumamosi, 24 Oktoba

Filamu zimefika! Nimesoma herufi P mpaka macho yakaniuma. Pacheco, Paiva, Palmer, Pina. Wareno tele, watu wa visiwa vya Kepuvede tele. Hakuna Pandu wala Pando.


Jumamosi, 31 Oktoba

P tena, safari hii polepole. Hakuna. Mama Atija alikaa nyuma yangu saa tatu nzima akivuta tasbihi. Alipokuwa anaondoka akasema, "Pengine huko alibadili jina. Mtu akiwakana watu, anaanza na jina." Sikuipenda ile sauti yake, ilikuwa tulivu mno.


Jumamosi, 7 Novemba

Nimempata!

Leo asubuhi, nikipiga mswaki, nikajiona mjinga. Pandu ni jina lake. Salimu ni la babake. Kwetu mtu anajitaja yeye, kisha babake, basi. Lakini karani wa Marekani anachukua la mwisho kuwa la ukoo, na faili anaipanga kwa hilo. Majuma sita ya kungoja, wiki mbili za kusoma, na mimi nilikuwa namtafuta mtu kwenye herufi ya jina alilopewa siku ya saba.

Nikaenda S. Saa tano na robo akatokea: jina la ukoo Salem, la kwanza Pandoo, la katikati Ben. Maskini "bin" amegeuka kuwa Ben! Nilicheka kwa sauti mpaka Madame Julienne akaweka kidole mdomoni. Miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Afrika, kazi yake katika kiwanda cha nguo za pamba. Na chini, mahali pa sahihi, ambapo wenzake wengi wametia msalaba, yeye ameandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kabisa.

Kisha ule mstari. Jamaa wa karibu: Beebee. Mahali: Bluff, Durban, Africa.

Nililisoma mara mbili ndipo likaniingia. Bibi. Alipoulizwa ndugu yake wa karibu ni nani, kijana wa watu alimtaja bibi yake, na karani akaandika alivyosikia. Furaha ikanitoka. Hakumtaja Zaituni wala mtoto.

Afadhali ningengoja. Ningeichukua nakala ya kadi nikaenda nayo Chatsworth, nikaketi naye, tukanywa chai. Lakini mimi ni mtu wa majibu, sipendi swali lilale. Nikapiga simu palepale.

"Mama, tumempata. Ni yeye, ameweka sahihi kwa Kiarabu."

"Alhamdulillahi. Ametaja nani?"

"Amemtaja nyanya yake, mama. Mama wa mama yake, au wa baba yake, haikuandikwa."

Kisha akasema, "Nyanya yake alibaki Msumbiji. Watu wetu walipokamatwa na kutiwa jahazini, yeye alibaki. Hapa Durban hakukanyaga, hata kaburi lake hatulijui." Nikamsikia anavuta pumzi. "Basi babangu alimtaja maiti, na sisi tulikuwa hai."

Akaniambia asante. Neno hilo liliniuma kuliko angenitukana.


Jumamosi, 14 Novemba

Mama Atija hakuja. Mvua.


Jumamosi, 21 Novemba

Hakuja. Nimepiga simu, mkwe wake amesema amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikamwuliza mkwe kuhusu hitima, akasema itakuwa tarehe kumi na tatu Desemba na orodha ya majina imekwisha kuandikwa, ni ileile ya mwaka jana.

Nakala ya kadi iko kwenye faili langu. Nimeitazama tena. Kuna kitu hakikai sawa lakini sijui ni nini.


Jumamosi, 28 Novemba

Nitaandika yote, nijitie adabu.

Asubuhi Henriette alikuwa ananisuka. Yuko na furaha, laini imepatikana, mama yake ni mzima. Alikuwa anapiga soga za jengo zima, nani amehama, nani amenunua televisheni, kisha akasema, "Na ile bibi ya Jacques amezala jana. Mutoto mwanaume, kilo ine!"

Jacques ni kijana wa ghorofa ya tatu, anauza mikanda na saa sokoni. Hajafika miaka thelathini. Nami, bila hata kugeuza kichwa, nikaanza. "Mke wa Jacques, Henriette. Mke. Bibi ni mama wa mama, au wa—"

Nikakwama hapo, mdomo wazi.

"Ni nini?" Henriette aliuliza. "Nimekuvuta?"

"Kwenu bibi ni nani?"

"Bibi ni bibi. Mwanamuke ya mutu. Ule amemuoa."

"Na mama wa mama?"

"Ule ni nkambo." Alinyoosha uso wake mbele yangu, kitana mdomoni. "Weye mwalimu hujue ile?"

Najua! Ndilo linaloniua. Miaka tisa nimewafundisha watoto kuandika barua zinazoanza na Bwana na Bibi fulani, na sikuwahi kudhani yule bwana anaandikiwa pamoja na nyanya yake. Wazee wa pwani wakisema bibi yangu wanasema mke wangu. Ndiyo maana Mama Atija alinikunjia uso siku ya kwanza: nilimwita mke wa mtu, naye ni mjane. Na anwani ilikuwa Bluff! Ameniambia kwa kinywa chake kwamba nyanya hakukanyaga Durban, na mimi nikalipita neno hilo kama nzi. Asiyejua maana haambiwi maana, nilikuwa nikiwaandikia ubaoni.

Laiti ningemsomea lile neno lenyewe! Angelielewa kabla sijafunga mdomo. Badala yake nilimfasiria, kwa Kiswahili changu safi, nikamnyang'anya babake kwa wiki tatu.

Nililia, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Henriette alinimalizia bila kuuliza zaidi, akanipa chai yenye tangawizi. Kesho naenda Chatsworth.


Jumapili, 29 Novemba

Misa ya kwanza, kisha taxi. Nyumba ya Mama Atija ni ndogo, safi, ina waridi mbili mbele. Mkwe wake alinipokea kwa adabu baridi. Mama Atija mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, amepungua.

Nilipiga magoti, jambo ambalo sikulipanga. "Mama, nimekukosea. Nilikupa maana badala ya kukupa neno."

"Neno gani?"

"Lililoandikwa kwenye kadi. Jamaa wa karibu, wameandika: Bibi. Mahali: Bluff, Durban."

Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya shuka. Nikaeleza makosa yangu yote, Songea na Lubumbashi, Jacques na mtoto wake wa kilo nne. Nilitumaini atacheka. Nilitumaini hata atanipiga kibao.

"Bibi," alisema mwisho. "Hivyo tu? Hakusema Zaituni?"

"Hapana, mama. Bibi tu."

"Mstari ule ulitaka jina?"

Sikuweza kumdanganya mara ya pili. "Ulitaka jina."

Aligeukia dirishani. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa bahari. "Nenda, mwanangu," alisema. "Mvua itakukuta njiani."

Ilinikuta kweli. Niliteremka mjini nimelowa chapachapa, na nimechukia makaratasi yote ya duniani.


Jumamosi, 5 Desemba

Nilirudisha filamu Marekani. Madame Julienne aliniuliza kama mteja ameridhika. Nikasema sijui.


Jumanne, 8 Desemba

Mtihani wa mwisho. Si mbaya.


Alhamisi, 10 Desemba

Mkwe wa Mama Atija amepiga simu. "Mama anasema uje Jumapili, mapema, kabla ya watu. Uje na kalamu." Nikamwuliza hali yake. "Anapika," alisema, kama mtu anayemshtakia mwenzake. "Daktari kamkataza, lakini tangu jana anapika."

Sijui nifurahi au niogope. Nimekwisha kumpa mwanamke huyu majibu mawili, na yote mawili yamemlaza kitandani.


Jumapili, 13 Desemba

Nilifika saa mbili asubuhi na kalamu mbili, moja ya akiba. Nyumba ilinukia iliki na siagi. Mama Atija alikuwa amevaa gauni jeupe, amejifukiza udi. Alinishika mkono, akanipeleka chumbani, akafunga mlango.

"Kaa. Shika orodha hii." Akanipa karatasi ya mwaka jana. "Andika upya. Mkwe wangu mwandiko wake kama kuku kapita."

Nikaandika alivyoniambia: mumewe, wanawe wawili, nduguze wa Bluff, majina ishirini na kitu. Tulipofika kwa mamake nikanyanyua kalamu, nikangoja. Hakusema Zaituni. Aliniuliza swali.

"Mwanangu, wewe umeolewa?"

"Bado, mama."

"Basi hukumsikia mume akisema nawe mbele za watu. Sikiliza. Nimelala siku kumi na neno lile. Siku ya tatu nikamkumbuka marehemu mume wangu. Miaka arobaini tumekaa. Akija mgeni mlangoni, akija polisi, akija daktari, marehemu hakupata kunitaja Atija mbele yao. Alisema bibi yangu. Alisema nyumbani. Polisi wa makaburu walimpiga makofi siku ile ya kuhamishwa, wanataka jina la mkewe waandike kwenye fomu, akasema: bibi yangu. Ilibidi miye mwenyewe nitoke niseme."

Alikuwa anasema taratibu.

"Mwanamume wa kwetu mwenye adabu hatupi jina la mkewe mbele ya wanaume asiowajua. Mwanamke wa ovyo, huyo atatajwa jina, hata wimbo atatungiwa. Mke hatajwi. Sasa babangu kasimama mbele ya karani, Mzungu, mgeni. Kaulizwa: nani wako wa karibu? Kasema, bibi. Jina lake? Kasema, bibi. Umeona? Angesema Zaituni, ningekuwa na shaka mpaka kaburini."

Nilimbusu mkono. Alinifuta machozi kwa ncha ya mtandio kisha akagonga karatasi. "Andika. Pandu bin Salimu. Na bibi yake."

Watu walikuja saa nne, wanawake watupu, sebule ikajaa mpaka ukumbini. Walinipa nafasi karibu na mlango wa jikoni. Juzuu zikagawiwa, zikasomwa, sauti nyingi kwa pamoja. Mimi nilisali rozari yangu kimyakimya, hakuna aliyenikataza. Kisha mwalimu wao, mama wa makamo mwenye miwani, akashika orodha niliyoiandika na kuanza kuyasoma majina, na baada ya kila jina wakaitikia.

Alipofika katikati akasita. "Pandu bin Salimu," alisoma. Kikongwe mmoja aliyeegemea ukuta, mtoto wa mmoja wa wale shangazi walioikana ndoa, alinyanyua kichwa. "Na bibi yake." Mwalimu aliinua miwani. "Mama Atija, hapa jina halikuandikwa."

"Soma kama ilivyo," alisema Mama Atija.

Mwalimu akasoma kama ilivyo. Yule kikongwe aliinamisha kichwa, kisha naye akaitikia pamoja na wengine.

Mwisho wa orodha, kama desturi yao, wanamtaja mwenye shughuli aliye hai, naye aombewe afya. Mwalimu hakuhitaji karatasi kwa hilo, amelisema kila mwaka. "Na mwenyeji wetu, Atija wa Zaituni."

"Binti Pandu," alisema Mama Atija.

Hakupaza sauti. Lakini sebule yote ilimgeukia, na mwalimu akabaki ameishika karatasi hewani.

"Rudia, mwanangu. Atija binti Pandu."

Mwalimu akarudia.